Saratani: hofu iko simuni, hatari iko ghalani



 Wiki hii tuzungumze juu ya saratani, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita kansa, pamoja na habari zake zinazotufikia kupitia simu zetu. Mtu anaweza kuona kuwa hayo ni mambo mawili mbalimbali. Nami niliyaona hivyo, mpaka siku alipokuja kituoni mama mmoja wa hapa hapa Sepuka.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga khanga mbili kifuani na amejifukiza udi mwingi. Mwenye kazi yetu akisikia manukato mengi kiasi hicho asubuhi ya siku ya kazi, hujiuliza kuna harufu gani inayofichwa. Alipofungua khanga, titi la kushoto lilikuwa limeshatoboka na linatoa usaha. Nilimuuliza uvimbe ulianza lini. Akasema miezi tisa iliyopita, ukiwa mdogo kama punje ya karanga, na kwa kuwa haukuuma hakuwa na wasiwasi. Kijana wake ndiye aliyepata wasiwasi, akamtafutia dawa: majani ya mstafeli yaliyochemshwa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Alikunywa kwa miezi tisa bila kukosa hata siku moja.

Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Tulisoma naye madrasa moja, na tulihitimu mwaka mmoja. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Sheikh wangu, nani alikwambia mstafeli unatibu saratani?" Akanyamaza. Kisha akatoa simu, akatafuta, akanionesha. Ujumbe ulikuwa ni ule uliosema mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, kwamba mgonjwa akifanyiwa upasuaji saratani husambaa, kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, na kwamba yote hayo yamethibitishwa na hospitali kubwa ya Marekani, Johns Hopkins. Juu ya ujumbe kulikuwa na jina la aliyeurusha kwenye kundi la wahitimu wa madrasa yetu.

Lilikuwa ni jina langu.

Niliurusha nikiwa bado mwanafunzi wa utabibu, usiku mmoja, bila kuusoma hadi mwisho. Niliona jina la hospitali kubwa, nikaona una faida, nikabonyeza. Yule ndugu aliuhifadhi miaka yote hiyo kwa sababu, kama alivyoniambia, ulitoka kwa "daktari wetu". Naandika makala haya nikiwa na deni kwa mama yule, na nisingependa msomaji adhani kuwa namnyooshea kidole mtu mwingine.

Ujumbe una sanad?

Sote tuliopita madrasa tulifundishwa kuwa maneno hayapokelewi hivi hivi. Tuliambiwa tuulize: nani kasema, kasikia kwa nani, na huyo naye kasikia kwa nani, mpaka tufike kwenye chimbuko. Mlolongo huo ndio sanad. Ukikatika mahali, au akiingia humo mtu asiyejulikana, maneno yanakuwa dhaifu hata yawe matamu kiasi gani. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Na Imam Muslim, mwanzoni mwa kitabu chake, amepokea onyo la Mtume (s.a.w.) kwa mtu anayesimulia kila anachokisikia. Cha kushangaza ni kwamba kanuni hii tunaitumia kwenye vitabu, lakini tukishika simu tunaisahau. Nilikuwa nimehifadhi majina ya wapokezi wengi tu, na bado niliurusha ujumbe usio na mpokezi hata mmoja.

Hebu tuufuatilie ujumbe ule kama ambavyo ingetupasa kufanya tangu mwanzo. Jina la Johns Hopkins limebandikwa tu. Ujumbe huo ulianza kuzunguka kwa barua pepe tangu miaka ya 2000, na hospitali yenyewe ilishautangaza kuwa si wake, kisha ikajibu hoja zake moja baada ya nyingine. Yaani aliyetajwa kuwa msemaji ameyakana maneno. Kwa watu wa sanad, mjadala unaishia hapo.

Ama hizo mara 10,000, zina asili yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kemia walichukua kemikali kutoka kwenye mimea ya jamii ya mstafeli, wakaijaribu juu ya seli za saratani zilizowekwa kwenye vyombo vya maabara, na baadhi ya seli hizo zilikufa kwa kiasi kidogo sana cha kemikali. Majaribio hayo hayakufanyika kwa mwanadamu. Seli zilizo kwenye kisahani cha maabara unaweza kuziua hata kwa sabuni ya kufulia, wala hakuna atakayesema sabuni ni dawa ya saratani. Tofauti ya kisahani na mwili wa mama ni safari ndefu ya utafiti, na dawa nyingi hufia njiani. Zaidi ya hapo, mwaka 1999 madaktari katika kisiwa cha Guadeloupe waliripoti kuwa miongoni mwa watu waliozoea kula matunda na kunywa chai ya majani ya mimea hiyo, walikutana na maradhi ya kutetemeka na kukakamaa mwili kuliko ilivyotarajiwa. Tunda la mstafeli ukilila mara moja moja halina neno. Mimi nazungumzia kunywa majani yake kila siku kwa miezi kadhaa.

Wapo watakaosema: je, Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa? Ndiyo, na hadithi hiyo ipo katika Sahihi Bukhari. Lakini haisemi kuwa dawa ni lazima iwe ni hiyo anayouza jirani yako. Na habbat sauda, ambayo imetajwa kuwa ni ponyo, wanavyuoni wa zamani kama Al-Khattabi walieleza kuwa tamko lake ni la jumla lakini linakusudia aina fulani za maradhi. Katika Sunan Abi Dawud tunasoma kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua kifua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada, kwa sababu huyo alikuwa mtu wa utabibu. Na katika kitabu hicho hicho mna hadithi kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, anabeba dhamana ya madhara. Hiyo dhamana ndiyo inayoninyima usingizi.

Sumu isiyorushwa na mtu yeyote

Sasa nije kwenye jambo ambalo halina ujumbe wa kutisha kwenye simu, na ambalo kwa mkoa wetu lina uzito mkubwa zaidi.

Juni 2016, jirani zetu wa mkoa wa Dodoma, wilaya za Chemba na Kondoa, pamoja na Kiteto mkoani Manyara, walianza kupokea wagonjwa wenye macho ya njano, kutapika, kuharisha na matumbo kujaa. Mwanzo haikujulikana ni nini. Baadaye ilithibitika kuwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Mahindi waliyokula hawakuletewa na mfanyabiashara fulani. Mengi yalikuwa ni mavuno ya mashamba yao wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Wakamba wa Makueni na Kitui nchini Kenya walipatwa na hali hiyo hiyo: wagonjwa 317, vifo 125.

Sumu hii iligunduliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Wataalamu hawakujua sababu, wakayaita maradhi hayo kwa herufi X. Walipofuatilia chakula cha ndege hao walikuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani yake mna ukungu. Hapo ndipo dunia ilipoijua aflatoksini, ambayo ndiyo aina mbaya zaidi ya sumukuvu.

Ikiingia kwa wingi kwa mara moja, huua kama ilivyoua Chemba. Ikiingia kidogo kidogo, kila siku, mwaka hadi mwaka, hukuoneshi chochote. Huenda kwenye ini, ikaharibu maandishi ya ndani ya seli yanayoiamuru ijigawe lini na iache lini. Seli iliyopoteza amri hiyo hujigawa bila kikomo, na huo ndio uvimbe wa saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ndugu msomaji, jambo linalonisumbua ni hili: kupika hakuiondoi. Ukungu wenyewe hufa kwa moto, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inavumilia jiko la mkaa, kuni na gesi. Kuuosha ukungu, kuanika tena mahindi yaliyooza, au kuchanganya mabaya na mazuri ili ladha isionekane, yote hayo hayasaidii. Nimewahi kuona nyumba ambazo punje nzuri zinauzwa, na zile nyeusi na za kijani zinasagwa unga wa uji wa watoto. Hawafanyi hivyo kwa ubaya, ni umasikini na kutojua.

Kazi ya kujikinga huanza shambani. Mahindi yakishakomaa yasikae yakisubiri mvua, wala yasirundikwe chini kwenye udongo, kwa sababu ukungu huo unaishi ardhini. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja. Yanapopurwa yasipigwe kwa fimbo mpaka punje zipasuke, maana ufa ndio mlango wa ukungu. Kujua kama yamekauka kuna njia ya chumvi: chukua chupa kavu, weka chumvi iliyokaushwa vizuri pamoja na punje za mahindi, tikisa, iache kwa muda wa robo saa. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Isipoganda, unaweza kuhifadhi. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mwenye uwezo atumie ile mifuko yenye matabaka matatu isiyopitisha hewa, ambayo huzuia na wadudu pia.

Karanga zina kisa chake. Sisi watu wa Singida mboga bila karanga hatuioni kuwa ni mboga, hasa mlenda. Na akina mama wengi, ili maganda yawe laini wakati wa kumenya, huyalowesha maji kwanza. Vidole havichubuki, ni kweli, lakini maji hayo ndiyo yanayoualika ukungu. Menyeni zikiwa kavu. Na mnaponunua, msinunue karanga zilizokwisha kusagwa kwa mtu msiyemjua, kwa kuwa ndani ya unga huwezi kuona punje iliyosinyaa wala iliyobadilika rangi. Nunua nzima, chambua, tupa, kisha saga mwenyewe.

Wafanyabiashara wetu wa mnadani nao wana neno lao. Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akatoa lile onyo kali linalojulikana na kila mtoto wa madrasa. Zamani nilipokuwa nikiisoma hadithi hii nilidhani ni suala la uzito tu, kwamba nafaka mbichi humpunja mnunuzi kwenye mizani. Leo nikiisoma naona na ini la mnunuzi.

Virusi vya homa ya ini

Sumukuvu ina mshirika wake. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini inazidi ya asiye na virusi kwa takribani mara 30. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa utotoni. Kipimo ni tone la damu. Aliyekutwa hana, aulizie chanjo ya watu wazima. Aliyekutwa navyo asivunjike moyo, kwani zipo dawa za kuvidhibiti kwa wanaozihitaji.

Hapa niseme na ndugu zangu wanaofanya hijama. Hijama imethibiti katika sunna, sina ugomvi nayo. Lakini wembe mmoja kwa watu wawili ni njia ya wazi ya kuhamisha virusi, hata ukiuosha kwa maji ya moto na sabuni. Kila mtu wembe wake mpya unaofunguliwa mbele ya macho yake, na vikombe vilivyotakaswa ipasavyo. Vivyo hivyo kwa vinyozi na kwa wanaotahiri majumbani.

Mengine kwa ufupi

Kwa makadirio ya mwaka 2020, Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani ndani ya mwaka mmoja, na karibu 27,000 walifariki kwayo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Tumbaku ndiyo inayoongoza katika zinazozuilika, na nisieleweke kuwa ninasema sigara tu. Ugoro na kuberi husababisha saratani ya kinywa na koo la chakula, na shisha wanayovuta vijana mjini wakidhani moshi umesafishwa na maji, haijasafishwa na kitu. Ulevi hauhitaji maneno mengi kwa wasomaji wa gazeti hili, ila mjue kuwa mbali na uharamu wake, nao umo katika kundi lile lile la kwanza. Unene wa kupindukia na kukaa kitako kutwa nzima vinachangia, hata huku kwetu tangu bodaboda zilipoingia.

Jambo ambalo wengi hulishangaa ni joto la chai na uji. Kuanzia Malawi kupita Tanzania hadi Kenya na Ethiopia, saratani ya koo la chakula ni nyingi isivyo kawaida, na sababu zake zote bado zinachunguzwa. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima joto la chai mkoani Kilimanjaro pale mtu anapopiga funda la kwanza. Wastani ulizidi nyuzi 70. Mwaka uliofuata, vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzi 65, vikawekwa katika orodha ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani hiyo. Mnaona ilivyo kwetu Ramadhani: adhana ikilia, tende moja, kisha uji ungali unafuka moshi unamiminwa kwenye koo lililokauka kutwa. Uachwe kwanza, mkasali Magharibi, mkirudi utakuwa umepoa vya kutosha. Imepokewa kuwa Asma bint Abubakar (r.a.) alikuwa akikifunika chakula cha moto mpaka ukali wa mvuke wake uondoke.

Ama saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini ni ya mlango wa kizazi. Huletwa na virusi vinavyopita katika tendo la ndoa, na mwanamke aliyetulia na mume mmoja maisha yake yote anaweza kuipata kwa kuwa virusi vinaweza kuletwa na mume. Kwa hiyo ugonjwa huu usiwe ni sababu ya kumnong'ona mtu. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wanachanjwa dhidi ya virusi hivyo, na mwaka 2024 utaratibu ukawa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Ujumbe unaosema chanjo hiyo inafunga uzazi nimeupokea mara tano, kutoka kwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia aliupata wapi. Akina mama wenye miaka 30 hadi 50 nao wapimwe, hata wasipoumwa. Kipimo hufanywa kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, huchukua dakika chache, na mna haki ya kuomba muuguzi mwanamke.

Kutafuta elimu kwenye simu

Simwambii mtu azime simu. Intaneti ina hazina kubwa, tatizo ni kwamba hazina na takataka zimewekwa katika debe moja. Mimi nikitaka kujua jambo huanza na tovuti ya Wizara ya Afya na ya Shirika la Afya Duniani. Ipo pia MedlinePlus, inayoendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo ina baadhi ya maelezo kwa Kiswahili. Asiye na bando apige 199, namba ya bure ya Wizara.

Ukikuta jambo la afya, angalia limeandikwa na nani na lini, na kama mwandishi anauza kitu mwisho wa ujumbe. Ukiona namba ya malipo chini ya maelezo ya dawa, soma upya kwa jicho la mnunuzi. Ujumbe unaokuhimiza urushe kwa watu kumi kabla ya kulala, usiurushe hata kwa mmoja. Na shuhuda za waliopona zisikutoshe, maana hujui kama walipimwa kweli, na waliokufa hawaandiki shuhuda.

Tahadhari nyingine ni ya wanaojua kusoma zaidi. Mwaka 2015 habari zilienea kuwa soseji ni sawa na sigara, kwa kuwa nyama za viwandani ziliingizwa kundi la kwanza, kundi lenye tumbaku. Waliosambaza hawakuelewa kuwa makundi yale hupanga uthabiti wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Ni sawa na kusema nyoka na nyuki wote imethibitika wanauma. Ni kweli, lakini hutawakimbia kwa kasi moja.

Na kama una uvimbe usiokuwepo, kidonda kisichopona wiki tatu, damu isiyo na sababu, chakula kinachokwama kooni, au mwili unaokonda bila kukusudia, usianze na simu. Anza na kituo cha afya. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam na hospitali nyingine zinazotibu maradhi haya, wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wakati ule ambao mionzi na dawa hupunguza maumivu lakini haziponyi.

Mama yule alipewa rufaa siku ile ile. Alikatwa titi, akapewa dawa, nywele zikanyonyoka zikaota tena. Mkono wa kushoto bado unavimba na hawezi kutwanga. Hatujui mbele kuna nini, na madaktari wake hawakumficha kuwa alichelewa. Nilimwomba radhi mbele ya mwanawe. Alinijibu, "Mwanangu, wewe ulituma, sisi tulikunywa. Sasa andika hayo uliyoyajua watu wasome." Ndiyo sababu ya makala haya.

Mwezi uliopita yule ndugu yangu alinipigia. Safari hii hakurusha, aliuliza kwanza. Ujumbe ulisema dona inazuia saratani na sembe inaleta. Nikamwambia una ukweli ndani yake, kwani nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi na inasaidia kuzuia saratani ya utumbo mpana. Lakini sumukuvu nyingi iko kwenye ganda na kiini cha punje, sehemu ambazo kukoboa huziondoa. Dona ya mahindi safi ni bora kuliko sembe, na dona ya mahindi yenye ukungu ni mbaya kuliko sembe. Kwa hiyo jibu la swali lake halikuwa kwenye simu yake wala yangu, lilikuwa ndani ya magunia ya mama yake.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mama alikaa kwenye mkeka akitoa amri kwa mkono mmoja, sisi tukamwaga gunia la kwanza juu ya turubai, tukachambua punje kwa punje. Kwenye gunia lililokuwa limeegemea ukuta tulitoa karibu debe zima la punje za kijani na nyeusi. Kijana akauliza kama awape kuku. Nikamwambia hapana, kuku hudumaa na kufa, na ng'ombe akila sumu hutoka kwenye maziwa. Mama akasema basi lichimbwe shimo nyuma ya zizi, refu, mbwa wasifukue. Akatusubiri mpaka tukamaliza kufukia.